Upupu wa Baba Mkwe

Nepi ilikuwa kavu na inanukia sabuni. Nilimfunga binti yangu, nikamlaza. Hata sijafika jikoni nikasikia kilio, na hakikuwa cha njaa. Nilipomfungua, mapaja na matako yalikuwa yamevimba mabaka mekundu. Ana miezi saba, hajui hata kujikuna, basi anajisugua kitandani huku na huku. Nikaipeleka nepi mlangoni kwenye mwanga. Vinyweleo vya upupu vimejaa kwenye pindo, vya hudhurungi, vinang'aa kama manyoya ya kiwavi. Hiyo ilikuwa mara ya tatu, na uvumilivu wangu uliishia pale pale mlangoni.

Upupu ule ni wa baba mkwe. Shamba lake linaanzia pale ua wetu unapoishia. Tangu parachichi zianze kufuatwa na malori, wezi nao wameamka, na yeye akaona dawa ni kuuacha upupu upande uzio wake wote. Kauwekea hadi miti ya kuutambaza. Wenzake wanafuga mbwa, yeye anafuga upupu. Na kijiji kina sheria ndogo, imebandikwa ukutani pale ofisini: kila mwenye eneo aung'oe upupu kabla maganda hayajakauka. Siku inapitishwa mkutanoni na yeye alinyoosha mkono.

"Si uhamishe kamba ya kuanikia," mume wangu aliniambia.

Nihamishie wapi? Huku jua tunaliotea. Ua wetu wote ni kivuli cha migomba, jua linapiga pale penye uzio tu.

"Mwambie baba yako."

"Nimeshamwambia."

"Akasemaje?"

"Kasema asiyeiba hawashwi."

"Na huyu wa miezi saba kaiba nini?"

Akaangalia simu yake. Mwanaume mzima.

Mimi mwenyewe ningemwambia vipi? Kwetu Unyakyusa mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe, hasemi naye, na jina lake halitamki. Wengi wa rika langu wameshaachana na hayo. Nyumbani kwetu bado, maana mzee anataka hivyo. Nikimwona njiani naingia migombani, napita kwenye matope na mtoto mgongoni, yeye anapita pakavu. Miaka mitatu nimefanya hivyo bila kulalamika.

Siku ile nilimbeba mtoto hadi kwenye uzio. Nilimsikia mzee upande wa pili anafunga mbuzi wake. Nikampa mgongo, nikamwambia mtoto kwa sauti ya juu, "Mama, mwambie babu upupu wake unakula matako yako. Mwambie aung'oe leo."

Halafu nikasikia, "Wewe mbuzi, mwambie mama wa huyo mtoto kwamba nepi hazianikwi kwenye mpaka wa watu."

"Mama, mwambie babu sheria anaijua!"

"Mbuzi, mwambie sheria ni ya wavivu wasiofyeka. Huu mimi nimeupanda."

Nikaondoka. Kesho yake asubuhi nikambeba mtoto hadi ofisi ya kijiji.

Mtendaji wa kijiji ni kijana wa kutoka Dodoma. Akaniuliza, "Dada, umeshamtaarifu mwenye eneo? Ndiyo hatua ya kwanza."

"Nimemwambia mtoto, akamjibu mbuzi."

Alicheka mpaka akaweka kalamu chini. "Basi hayo ya kifamilia, myamalize nyumbani."

Nikamlaza mtoto juu ya meza yake, kwenye makaratasi, nikamfungua. Usaha ulishaanza kwenye kinena. Kijana akasogeza kiti nyuma, akaacha kucheka, akatoa fomu.

Mstari wa kwanza: jina la mlalamikiwa.

Mama mmoja mtu mzima alikuwa benchini anasubiri zamu yake. Akaona kalamu yangu imesimama. "Gwe mwanangu," akaninong'oneza, "hilo huliandiki. Ni mkweo. Muache mume wako aje aandike."

"Mume wangu hajawashwa, mama."

Nikaandika majina yake matatu, herufi kubwa. Chini yake nikaandika hivi:

"Namlalamikia mtajwa hapo juu, ambaye ni baba mkwe wangu, kwa kupanda na kutunza upupu kwenye uzio wa shamba lake kinyume cha sheria ndogo ya kijiji, na kumdhuru mtoto wangu mara tatu. Hajakanusha. Naomba apewe siku saba aung'oe wote na mizizi yake, alfajiri ukiwa na umande ili usipeperuke, na aufukie, asiuchome. Akishindwa, naomba kijiji kiingie shambani kiung'oe. Nitakuwepo, na sitaingia migombani akipita. Nakala apewe mume wangu."