Machozi kwa Binti wa Tamthilia

Shangazi yetu humlilia binti wa Kizungu. Kila jioni, sebuleni kwangu Mbugani, hutazama tamthilia ya kigeni iliyotiwa sauti za Kiswahili, ambamo binti huyo anatumia dawa za kulevya. Mama yake humkumbatia, daktari humshika mkono. "Maskini, mtoto wa watu anaumwa," husema shangazi, akijifuta machozi kwa pindo la kitenge. Kijana mweusi anayemuuzia binti huyo, ingawa naye ni mtumiaji, hana mama wala maradhi; kazi yake ni kukimbizwa na polisi. Tamthilia zetu wenyewe nazo hazina nafuu: teja wa kiume hutubu na kuoa, wa kike hufia mtaroni.

Mdogo wangu wa kike hakufia mtaroni. Alitibiwa, akarudi, na huu ni mwaka wa pili ndiye anayemwogesha mtoto wa kaka yetu. Kaka akamwomba awe mama wa ubatizo.

Siku moja kabla ya ubatizo, mdogo wangu alipepeta mchele wa sherehe tangu alfajiri. Mchana akakaa mkekani, mtoto mapajani, akasinzia.

"Si mnaona!" Shangazi alimnyakua mtoto. "Shingo imelala vilevile kama ya yule binti wa kwenye televisheni akishatumia!"

"Shangazi, nimechoka tu."

"Wote husema hivyo."

Kwenye kochi alikoroma mwana wa kiume wa shangazi, aliyetoka katika dawa hizohizo za unga na kuchinjiwa jogoo siku aliyorudi. "Na huyu je?" nikauliza.

"Mwache mwanangu, amechoka."

Kaka akainamisha kichwa, akaniambia, "Dada, labda tutafute mama mwingine wa ubatizo."

Nilitaka kufoka. Badala yake, na aibu hii ni yangu, nilijikuta nikizichungulia kope za mdogo wangu kama zinalegea. Aliniona. Akamchukua mtoto kwa shangazi, akaniwekea mikononi.

"Simama wewe, dada. Wewe hata ukisinzia watakufunika kitenge."

Kesho yake kanisani nilisimama mimi. Mtoto alilia ibada nzima. Alinyamaza tu alipopelekwa benchi la nyuma, kwa yule aliyemzoea.

Tuliporudi nyumbani, kabla hata ya kuvua viatu, shangazi aliomba rimoti. Alitaka kujua kama yule binti amepona.