Masazo ya Nguruwe

Mwaka jana nilirudi kwetu Nchelenge, kando ya ziwa, kumzika jirani yetu wa zamani, na tulipotoka makaburini nikawaambia wajukuu wanipeleke nikauone ua wa kwetu. Wakacheka. Ua gani tena, kambo? Pale siku hizi ni vibanda vya kuuza vocha za simu, na saluni moja yenye redio ya kumwamsha hata tuliyetoka kumzika. Nikasimama barabarani, pikipiki zinanipigia honi, nikawaambia: hapa, papa hapa, nguruwe wa pori walikuwa wanachimba. Mmoja akanishika paji la uso kuangalia kama nina homa. Hawana adabu, lakini nawapenda.

Wewe hutanicheka, umri wetu ni mmoja. Keti basi nikusimulie, maana jambo hili sijamsimulia mtu.

Ilikuwa zamani zile, Waingereza wangali wanatutawala sisi huku na Wabelgiji wangali ng'ambo ya ziwa. Kambo wangu mimi, yaani bibi, mama mzazi wa tata, baba yangu, alikuwa ametoka hiyo ng'ambo, na mama yangu pia, ndiyo sababu nyumbani kwetu tulisema Kiswahili wakati majirani wote wanasema Kibemba. Tata alikuwa mvuvi. Akirudi kutoka ufukweni Kashikishi na baiskeli yake, samaki makobo wamening'inia nyuma, tulimsikia kwa ile kengele kabla hatujamwona, na sisi watoto wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume, tulikimbia mpaka kwenye kona. Mimi nilikuwa na miaka minane au tisa. Yeye alikuwa na minne, tumbo mbele, suruali haikai kiunoni. Nilimbeba mgongoni tangu hajaota meno. Mama alimzaa, lakini ukiniuliza mimi, alikuwa wangu.

Msitu ulianzia nyuma ya choo. Ndiyo, karibu hivyo! Na humo ndimo walimotoka nguruwe. Unalala umeacha ua umefagiwa vizuri, unaamka unakuta mashimo, udongo umetupwa huku na huku, miche ya muhogo imelala chini, na harufu yao mbaya imejaa hewani. Kambo alitoka na ufagio, akashika kiuno na kuwatukana kwa Kiswahili, kisha kwa Kibemba, akihofia pengine lugha ya kwanza hawakuielewa. Jirani alikuwa na gobori, lakini baruti hakuwa nayo, basi alipiga debe tupu kuwafukuza. Tata alijenga ua wa miti, wakaupasua. Akachimba shimo la mtego, akatumbukia mbuzi wa jirani, na hilo likawa neno la mwezi mzima.

Sasa lazima nikueleze habari ya muhogo, maana wajukuu zangu wanadhani unga unatoka dukani. Kuna muhogo mtamu, unaung'oa na kuutafuna mbichi papo hapo. Na kuna muhogo mchungu, ambao ni sumu mpaka uuloweke majini siku tatu au nne, uuanike, uutwange, ndipo upate unga wa bukari, ugali wetu. Mchungu ulikuwa shambani, mbali. Mtamu tuliupanda uani, kwa ajili ya watoto na kwa ajili ya siku za dhiki. Kwa hiyo nguruwe walipochimba uani walikuwa wanakula akiba yetu.

Sisi watoto, tukiamka, tulizunguka mashimoni kuokota vipande walivyoviacha. Tuliviita masazo ya nguruwe. Tunakata pale palipoumwa na meno, tunafuta udongo, tunakula. Mama alituambia tuache uchafu, kambo akamjibu, "Waache batoto. Kenye nguruwe anakula, na muntu anakula." Tukalishika neno hilo: anachokula nguruwe, mtu naye anakula.

Ndipo tata akapata wazo. Akaleta miche ya muhogo mchungu kutoka shambani, akaipanda mistari miwili kuzunguka ule mtamu. Nakumbuka alivyosimama na jembe lake, amejaa furaha, akatuita wote. "Nguruwe haiko mujinga," akasema. "Haikulake ya buchungu. Itanusa, itarudi kwao." Kisha akanigeukia mimi na kunionyesha vikonyo vya majani. Vyenye wekundu usiguse, na mdogo wako asiguse. Nikasema ndiyo, tata. Mdogo wangu nilimfundisha kwa kumpiga vidole kila aliponyoosha mkono kwenye vikonyo vyekundu, mpaka akawa anajipiga mwenyewe na kucheka.

Na kweli, nguruwe walipungua. Msimu mmoja wa mvua ukapita, miche ikakua. Tata akajisifu mpaka watu wakachoka.

Mvua ya msimu uliofuata ilikuwa mbaya. Haikukatika. Muhogo uliotoka kulowekwa haukukauka, uliota ukungu kwenye mikeka, na unga ukaisha. Ziwa lilichafuka, tata akakwama kwenye kambi ya wavuvi, siku kumi na zaidi. Mtamu wa uani tuliula ukabaki mashina machache, mama akasema yaachwe kwa siku mbaya zaidi. Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila bukari, asubuhi sombe, jioni sombe, mpaka choo chetu kikawa kijani. Mdogo wangu alilia njala. Hakulia kwa sauti kubwa, ila alinung'unika mfululizo kama mtu aliyelala vibaya, na mimi sikuweza kuvumilia.

Asubuhi moja mama na kambo walikwenda kuangalia muhogo uliolowekwa. Mama akaniambia, "Ubakie na mutoto." Nikatoka nje, nikaona nguruwe wamerudi. Mashimo matupu! Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kuwaona wamechimba. Mashina yalikuwa yamekokotwa na kukatwakatwa, majani yamezikwa kwenye tope, hakuna kikonyo cha kuangalia. Lakini katikati ya tope kulikuwa na muhogo mnene, mweupe, na alama za meno ubavuni. Nikafikiri kama nilivyofundishwa. Nguruwe hali muhogo mchungu. Huu umeumwa na nguruwe. Basi huu ni mtamu.

Sikufikiri kwamba kuuma si kula. Waliuma mara moja, wakautema.

Niliubanika kwenye majivu, haraka, kabla mama hajarudi akatukemea. Nikapaka chumvi tuliyobaki nayo. Mimi nilikula kidogo kwenye ncha, mwingi nikampa yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa analia. Akatafuna, akakunja uso. Akaniambia mimi mkubwa wake, "Yaya, iko buchungu."

Nikamwambia, "Ni majivu tu. Kula."

Akala wote. Aliniamini.

Jua halijafika utosini akaanza kutapika. Akasema kichwa kinazunguka, kisha hakusema tena, akawa anahema mbio mbio, macho yamegeuka. Mimi pia nilitapika, nikadhani ni woga. Mama alirudi akamkuta mapajani pangu. Kambo alimpanua mdomo akamtia mafuta ya mawese, jirani akakimbia mvuani kumwita dresa wa zahanati, na dresa alikuja mbio, viatu mkononi, lakini mtoto alikuwa amekwisha kutulia. Mama alipiga yowe moja tu. Baada ya hapo alikaa chini mvuani, na watu wawili walishindwa kumwinua.

Watu waliona mashimo, wakaona muhogo mchungu umechimbuliwa, wakasema wenyewe: mtoto ameokota akala. Hakuna aliyeniuliza. Ila kambo, jioni, alipokwenda kuwasha moto, alikuta maganda yaliyoungua kwenye majivu. Mtoto wa miaka minne habaniki muhogo. Aliyatazama, akanitazama mimi. Kisha akayazoa yote, majivu na maganda, akaenda kuyatupa ziwani. Aliporudi alinipangusa pua kwa kitenge chake akasema, "Mayi ikisha kumwangika, haizoleke." Hakulitaja tena mpaka kufa kwake.

Tata alifika siku ya tatu, mtoto ameshazikwa. Hakuingia ndani. Alichukua jembe akachimba ua wote, mchungu na mtamu, hakubakiza shina, na hata nguruwe hawakuwahi kutuharibia kiasi kile. Kengele ya baiskeli aliifungua, sijui aliipeleka wapi.

Nguruwe sasa hawapo. Msitu ulikwisha kwa makaa na kuni za kubanikia samaki. Ule mlio wa debe la jirani hakuna anayeukumbuka, na yeye ndiye tuliyemzika. Watoto wa sasa hawajui kutofautisha vikonyo, na ni heri wasijue. Nilipokuwa nimesimama pale kwenye vibanda nilijaribu kukisia jiko lilikuwa wapi. Nilishindwa, ndugu yangu, nikaona aibu.

Lakini hilo silo linalonisumbua. Mama aliishi mpaka akawa kikongwe, na nilimuuguza mimi. Siku za mwisho alirudia neno lile lile alilolibeba miaka yote, akitazama ukuta. "Ni mimi nilimuua. Nilimuacha mutoto na mutoto mwenzake, njala imemukamata. Alienda kujiokotea." Tulikuwa wawili tu chumbani. Akanishika mkono akaniuliza, "Wewe ulikuwa pale. Ningefanya nini?" Nilifungua mdomo. Maneno yote nilikuwa nayo, nimeyapanga tangu utotoni.

Nikasema, "Kunywa maji, mama," nikamwinua kichwa, akanywa. Alifariki kesho yake, bado akijua ni yeye.