Jiwe la Kuanikia Wimbi

Juzi nilienda Kitale kumwona binamu yangu, na wacha nikwambie ukweli, nilirudi Bungoma nimejaa wivu. Kilichonichoma ni kibao. Nyuma ya nyumba yao, ukingoni mwa mji, kuna jiwe. Siku hizi limezungushiwa ua, na mbele yake wamesimamisha kibao: jiwe hili ni urithi wa mji, linalindwa kisheria, ni marufuku kulivunja. Binamu alikisoma kwa sauti, neno kwa neno, kana kwamba mimi sikwenda shule.

Na jiwe lenyewe sasa, bana! Tukiwa wadogo tulikuwa tukilicheka. Ng'ombe watatu wakilala hapo, limejaa. Letu, kule kwa nyanya pembeni mwa Bungoma, lilikuwa jiwe la kuitwa jiwe. Mtaa mzima ulianika wimbi juu yake, kila nyumba na sehemu yake, na hakuna aliyechora mpaka, ulijua tu. Nyanya alilifagia asubuhi na mapema, akamwaga wimbi, kisha mimi nikakaa na fimbo kufukuza ndege. "Sinzia tu," aliniambia, "kesho uji utaenda kuwaomba hao ndege." Jua likipanda, lile jiwe lilichoma nyayo hadi tukawa tunarukaruka. Jioni tulililalia kifudifudi, joto likituingia tumboni, tukitafuna kumbikumbi wa kukaanga huku akina mama wakipepeta. Binamu akija likizo alikuwa analia akiambiwa ni siku ya kurudi. Ati kwao Kitale hakuna jiwe kama hili. Wee, nilivyojivuna!

Miaka michache iliyopita maofisa walitujia na fomu. Walitaka sisi tunaopakana na jiwe tukubali liandikwe kuwa alama ya mji, lisiguswe na mtu. Watu wa Kitale nao waliletewa fomu kama hizo. Wakaitana, wakabishana siku nzima, wakatia sahihi. Sisi je? Tulinong'onezana kwamba leo wanaandika jiwe, kesho wataandika shamba. Nani hajui vile hawa watu huanza polepole? Na mimi, niliyesoma kuliko wote pale, ndiye niliyesimama kwenye mkutano nikasema hatutii sahihi. Nilipigiwa makofi.

Mwaka huo haukuisha kabla wavunja kokoto hawajaingia. Waliwasha moto juu ya jiwe mpaka likapasuka, halafu wakalimaliza kwa nyundo. Pale pamebaki shimo la maji ya kijani. Wimbi la dukani tunanunua likiwa na mchanga kwa kuanikwa chini, tunalaumu mwenye duka.

Haya yote binamu hakuyajua. Aliponiuliza kuhusu jiwe letu nilimjibu haraka, "Liko." Akafurahi! Akasema Desemba atakuja na watoto wake walione, na atanisaidia kuijaza fomu, maana sasa amezoea kazi hiyo. "Si lenu ndilo kubwa, dada? Lenu litawekewa kibao kikubwa kushinda hiki."

Niliwatazama wale watoto wake wakitandaza wimbi kwenye kijiwe chao, wakisukumana. Nilimwonea wivu mpaka nikamchukia, binamu yangu wa damu. Halafu nikachoka kudanganya.

"Usije na fomu," nikamwambia. "Jiwe halipo. Mimi ndiye niliyewakataza watu kutia sahihi. Nilikuwa natafuta kokoto za msingi wa nyumba yangu."

Nilingoja anitukane. Hata ningefurahi. Yeye aliuliza tu, "Nyanya aliliona likivunjwa?"

"Macho yake yalikuwa yameshafifia," nikasema. "Lakini alisikia nyundo. Aliniuliza kelele za nini, nikamwambia kuna mtu anajenga."

Sikumwambia nyanya kwamba mtu huyo ni mimi.