Mama wa Supu na Pipa la Buluu

Alizaliwa Jumapili, tarehe kumi na nane Agosti 1957, katika chumba cha nyuma cha duka la viatu alimofanya kazi baba yake, naye alikuwa kitinda mimba wa watoto saba. Alipokuwa na miaka tisa mama yake alifia wodini, baada ya siku nne bila chakula cha moto, kwa kuwa kila mkubwa nyumbani alidhani mwenzake amekwisha kupeleka. Jambo hilo halikumtoka moyoni. Wapo wanaopenda kusema kwamba tangu utoto uso wake ulikuwa na nuru. Mimi sikuiona, na dada zake wanasema alikuwa mbishi na mwizi wa sukari.

Alijifunza kushona, akaolewa na fundi mwashi mwaka 1979, akazaa watoto wanne. Wito ulimjia mwaka 1988, alipolazwa kwa homa ya mapafu. Mwanamke wa kitanda cha pili hakuwa na ndugu, na kila saa ya chakula aligeukia ukutani asiwaone wenzake wakila. Siku tatu baada ya kuruhusiwa, mshonaji wetu alirudi wodini na sufuria ya supu ya mboga. Mama mkwe wake alimwambia, "Mwanangu, wewe mwenyewe hujapona, sasa unataka kuponya hospitali nzima?" Lakini huyohuyo ndiye aliyekaa kumenya viazi. Familia nzima ikaingia kazini: mume akibeba, watoto wakiosha vikombe, bibi akimenya na kulalamika. Ikawa kila Alhamisi saa sita mchana, kwa miaka kumi na sita, kwa ajili ya wagonjwa wasio na mtu. Walikuwa na desturi mbili. Supu haikutoka nyumbani kabla wenyewe hawajainywa. Na aliyeleta kitu kwa ajili ya wagonjwa hakuulizwa maswali, asije akaona haya akaacha kuleta. Watu wakamwita Mama wa Supu.

Jaribu lake lilikuja Machi 2004. Karani wa shamba moja kubwa, muumini wa parokia yetu, alimletea pipa la plastiki la buluu lenye kifuniko, zuri kwa kupelekea supu ikiwa bado moto. Mama wa Supu aliliosha mara mbili kwa sabuni na maji baridi. Alhamisi hiyo familia ilikunywa supu kutoka sufuriani kama kawaida, kisha iliyobaki ikamiminwa pipani, ikapelekwa. Kabla ya saa kumi jioni wagonjwa kumi na mmoja walikuwa wakitapika na kutokwa na jasho, na seremala mmoja mzee alikuwa amepoteza fahamu.

Polisi walikuja Ijumaa asubuhi. Mama wa Supu aliwajibu kwa ukweli aliokuwa nao: "Supu hiyo tulikunywa sote hapa nyumbani. Hakuna hata mmoja aliyeumwa tumbo." Basi, kama si supu, ni maji. Muuza maji aliyekuwa akiingiza madumu yake wodini alikamatwa mchana uleule. Mnyonge hana haki: alikuwa mgomvi, aliwahi kushikana mashati na mlinzi wa lango, na haikupita saa moja mji mzima ukawa na hakika kwamba ametia sumu. Watu walikusanyika nje ya kituo na mawe mikononi. Walisema waziwazi kwamba seremala akifa, yule mtu hatafika mahakamani.

Jumamosi saa tatu asubuhi, Mama wa Supu akiosha vyombo uani, alimimina maji ya moto ndani ya lile pipa kwa mara ya kwanza. Mvuke ulipanda na harufu kali ya dawa ya kuulia wadudu wa shambani, akarudi nyuma akikohoa. Plastiki ilikuwa imeinywa dawa ile. Maji baridi hayakuitoa, bali supu ya moto iliitoa. Aliketi chini, maana alielewa mara moja kwamba maneno yake mwenyewe ndiyo yaliyomtia ndani mtu asiye na kosa.

Mumewe, aliyeona na kunusa yote, alifunga mlango wa ua. "Mama watoto, nisikilize. Anayejua ni mimi na wewe tu. Hili pipa nalikatakata sasa hivi, nalifukia chini ya zege."

"Na muuza maji?"

"Watamwachia. Hawana ushahidi."

"Umewaona wale wa mawe?"

Fundi alisimama mlangoni, akasema kwa sauti ya chini, "Ukifungwa wewe, wale wagonjwa watalishwa na nani?"

Naamini hapo ndipo palipokuwa na mtego, kwa sababu neno lile lilivaa nguo za huruma. Ndipo mama mkwe, aliyekuwa amesikia yote, akatoka jikoni. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akamwambia mwanawe. "Mpishe mkeo apite."

Hakuanzia polisi. Alifunga kifuniko cha pipa ndani ya mfuko, akakimbia hadi hospitali, mwanamke wa miaka arobaini na sita aliyesahau kuvaa viatu. Daktari alinusa, akabadilisha matibabu palepale. "Hii ni dawa gani hasa? Ina jina gani?" Hakujua. Ilimlazimu daktari akisie kati ya dawa mbili za shambani, na seremala akafumbua macho Jumapili alasiri. Wengi huita tukio hilo muujiza, nami simkatazi mtu.

Kutoka hapo alikwenda kituoni, akapenya katikati ya umati, akapanda ngazi. "Muuza maji hana kosa," alisema. "Sumu ilikuwa ndani ya pipa, na pipa ni langu." Jiwe moja lilimpata begani. Ndani, ofisa alimwuliza mara tatu nani alimpa pipa lile, naye mara tatu akajibu, "Nililipokea mimi, nikaliosha mimi, nikalitia supu mimi. Andika hivyo." Muuza maji aliachiliwa kwa mlango wa nyuma. Mama wa Supu alihukumiwa miezi minane kwa uzembe, akaitumikia yote.

Alipotoka alirudi wodini, na wagonjwa wakafunika vikombe vyao kwa viganja. Alikunywa kikombe kimoja mbele yao, akaketi, akasubiri, akarudi na sufuria ikiwa imejaa. Alhamisi ya tatu seremala alikuja kwa miguu yake kutoka nyumbani, akaomba kikombe. "Mtu anayesema kosa lake mbele ya mawe, chakula chake sikiogopi," alisema. Siku hiyo sufuria ilirudi tupu.

Alifariki tarehe mbili Februari 2019, kwa ugonjwa wa moyo, na muuza maji alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Familia yake haijapumzika. Mwezi uliopita binti yake mkubwa aliongoza watu thelathini na wawili kupaka rangi wodi nzima. Fundi mwashi, ambaye sasa ni mzee, amewajengea jiko la matofali nyuma ya hospitali, na wajukuu hufua mashuka kila Jumamosi. Mwenye kuleta chombo huulizwa kwanza kilikuwa na nini. Kanisa halijamtangaza mtakatifu, nasi hatulitangulii.

Imebaki habari ya kumwiga. Kumpikia mgonjwa ni kwema, na wengi wetu tunakuweza. Kilicho kigumu ni kujitokeza na kosa lako kabla mwingine hajapigwa kwa ajili yake. Mimi sijawahi, basi niruhusiwe kuanza hapa. Yule karani wa shamba ndiye anayeandika maneno haya. Nilijua pipa lile lilikuwa na nini. Nililisuuza, nikajiambia inatosha. Saa ile daktari alipouliza jina la dawa, nilikuwa nalo mdomoni, nimekaa nyumbani kwangu, mlango nimeufunga kwa ndani. Kwa zaidi ya miaka kumi na minne baada ya kutoka kwake gerezani tulikutana kanisani kila Jumapili. Alinisalimu kwa jina, akaniulizia watoto, na hakunitaja kwa mtu yeyote hadi alipokufa. Pipa lilikuwa langu.