Nilimficha Mzee Kombo Barua za Bintiye

Assalaam alaykum wasomaji. Nimemwomba mhariri alifiche jina langu, maana Jomvu Kuu ni padogo na hapa naitwa mtu wa kheri. Nina miaka thelathini na minne, mjane. Marehemu mume wangu alikuwa karani Changamwe, na ndiye aliyenifunza kusoma na kuandika. Hakuniachia mtoto. Ndugu zangu wako Lamu. Kwa miaka minne tangu mume wangu afe nilipika kibaba kimoja cha mchele, nikala nusu, nusu ikalala.

Kisha ikaingia ile homa ya mafua. Walisema imekuja na meli. Haikupita wiki, mtaa mzima uko kitandani, hata msikitini safu ya kwanza haijai. Jirani yangu na wanawe wote walikuwa chini, hakuna wa kuwasha moto. Nikawapikia uji wa mchele wa pilipili manga, nikawapelekea. Kesho yake nikaenda nyumba ya pili, kisha ya tatu. Imamu akatangaza mwenye chochote anipelekee. Ukaja mchele, zikaja nazi, na mvuvi mmoja akawa ananiachia samaki wa supu mlangoni. Wanawake wawili walijitolea kunisaidia jikoni, mimi nikawa mpelekaji. Tulilisha nyumba zaidi ya ishirini, za Waislamu na za wenzetu Wakristo waliotoka Rabai wakapanga huku.

Nilikuwa nabisha hodi, naweka bakuli barazani, kisha narudi nyuma hatua kadhaa. Ndani nasikia sauti dhaifu: "Ndiye! Amekuja!" Wasomaji, kwa miaka minne hakuna aliyefurahi kwamba mimi nimekuja.

Homa ikaisha. Watu wakapona, alhamdulillahi, wakawasha meko yao. Bakuli zangu zikarudishwa zimeoshwa. Wale wenzangu wawili wakarudi kwa waume zao. Njiani watu walinisalimu vizuri, wakapita. Nitasema la aibu: siku moja nilimsikia mtu akikohoa nyuma ya ua, moyo wangu ukafurahi.

Akabaki Mzee Kombo, fundi cherehani wa zamani, aliyeishi peke yake. Homa ilimwangusha vibaya, nami nikaendelea kumpelekea chakula mchana na jioni. Alikuwa ananingoja kibarazani. "Waniletea nini leo, mwanangu?" Tunakaa, anakula, ananisimulia kanzu alizoshona. Kwa kweli alikuwa amepona. Alikwenda msikitini kwa miguu yake. Mimi ndiye niliyemwambia kila siku, "Baba, usijichoshe, kifua chako bado."

Binti yake wa pekee, Mwanaisha, ameolewa Likoni na wakati ule alikuwa ndiyo kwanza amejifungua. Mzee alijua herufi za Kiarabu tu, na barua za Mwanaisha ziliandikwa na mumewe kwa herufi za kizungu. Kwa hivyo msomaji nikawa mimi, na mwandishi wa majibu nikawa mimi.

Barua ya kwanza baada ya homa ilisema: "Baba, tumekutengezea chumba. Nambie umepona, mume wangu aje akuchukue. Mjukuu wako anakungoja."

Niliisoma kimya mpaka mwisho. Mzee akanitazama. "Wasemaje?"

"Wanakusalimu, baba. Mtoto hajambo."

"Basi? Hawasemi Mwanaisha yuaja lini?"

"Hawakusema."

Jioni ile nikaandika jibu: kifua bado, safari ya kivukoni na upepo wake itamrudisha kitandani, subirini. Nilijiambia ni wiki moja tu. Ikaja barua ya pili, nikafanya vile vile. Ya tatu mleta barua alinikabidhi mimi njiani; niliichana jikoni kwangu, hata sikumwambia mzee imefika.

Mzee akaacha kuuliza. Siku moja aliliweka bakuli chini kabla hajamaliza. "Nimemlea yule peke yangu tangu mamake afe," akasema. "Amepata wake, amenisahau. Si kitu. Mwanangu ni wewe." Nililisubiri neno hilo maisha yangu yote, na liliponijia nilitamani ardhi inimeze.

Usiku wa kuamkia Ijumaa nilijiapia nitamsomea zile barua zote. Asubuhi nilipofika, kibaraza kilikuwa kitupu. Alikuwa amekufa usingizini. Wakasema ni moyo.

Mwanaisha alifika mazikoni na mtoto mgongoni. Alinikumbatia mbele ya watu, akanibusu mikono. "Dada, wewe ulimlea baba yangu nilipokuwa mbali. Sina cha kukulipa." Wanawake wote wakaniombea kheri. Nami nikalia pamoja nao, wakadhani ni huzuni tu.

Sasa umepita mwaka. Juzi Mwanaisha alikuja tena. Anataka nihamie kwao Likoni. Asema mtu kama mimi hafai kuishi peke yake, mtoto wake ataniita mama mdogo. Nilikuwa sijamjibu aliposema kwa sauti ya chini: "Dada, niambie kweli. Nilikuwa nangoja apone, nikachelewa. Baba alinitaja?"

Nikamwambia, "Alikutaja kila siku."

Akalia kwa furaha, akauegemeza uso wake begani kwangu. Ni kweli alimtaja. Ila sikumwambia alimtaja vipi.

Atarudi Ijumaa kuchukua jibu. Nikinyamaza, nitapata nyumba yenye watu, lakini nitakula sahani moja na mtu niliyemnyang'anya baba. Nikisema, atajua kuwa babake alikufa akiamini ametupwa, na kwa maumivu hayo hatakuwa na wa kumuuliza isipokuwa mimi. Na nikikataa kuhama bila kueleza, atadhani nimemkataa yeye, kama babake alivyodhani.

Msinihurumie, sikuandika kwa ajili hiyo. Nishaurini tu, enyi wenye akili kunishinda: Ijumaa akibisha hodi, nimpokee kwa maneno gani?