Barua ya Ajira ya Najma

Mwenye steshenari ya Mtoni husoma barua pepe za wateja wake kwa sauti ya chini, kidole kikigusa kioo cha kompyuta, na huanzia mahali ambapo wao hawapaangalii: anwani ya aliyetuma. Akikuta ya kitapeli, husonya na kukifuta kioo kwa pindo la kanga kana kwamba kimetemewa mate. Asubuhi hiyo Najma, muuguzi asiye na kazi tangu amalize chuo, alikuja anacheka ili achapishiwe barua ya ajira aliyotumiwa kwa barua pepe na hospitali. Ilikuwa imemtaka athibitishe nafasi siku ileile ilipomfikia, kwa kujaza neno la siri la barua pepe yake. Kidole cha yule mama mwenye duka kilisimama kwenye anwani. Jina la hospitali lilikuwa limeongezewa herufi moja.

"Umejaza?"

"Jana ileile, shangazi."

"Hawa hawana kazi ya kukupa, mwanangu. Wanataka waingie humu wajifanye wewe, wakawaibie wenzako. Wamekukimbiza ili usifikiri." Alimsukumia kibodi kwa nguvu. "Badilisha neno la siri sasa hivi."

Najma alibadilisha, akawaandikia wenzake wa chuo wasifungue chochote kilichotumwa kwa jina lake. Kisha akabaki ameinama.

"Mama ameshawaambia majirani. Anapika pilau."

Safari hii mwenye duka hakusonya. Hasira ilimpanda, na wa kumtolea hakuwepo. Alizima kompyuta, akafunga duka mchana kweupe.

"Twende," alisema. "Mama yako nitamwambia mie."