Mama Yake Dereva

Mdogo wangu alipozaliwa alilia siku tatu mfululizo, na siku ya nne mtu wa mtaa wa tatu alikuja kuuliza kama tumenunua tarumbeta. Huo ni ukweli mtupu, na asiyeamini akamuulize mtu huyo, ingawa ameshakufa. Nayasema haya mjue kwamba ile sauti hakuipata ukubwani. Ndiyo iliyomlisha miaka ishirini na sita katika ukumbi wa video, chumba kirefu chenye mabenchi kumi na mawili, pazia zito kila dirisha, na televisheni moja juu ya kabati lisilofunga. Yeye hukaa kwenye kiti cha mbao pembeni ya kabati, kipaza sauti mkononi. Watu wa kwenye filamu wakisema kwa lugha yao ya kigeni, yeye anasema kwa Kiswahili. Mtaa mzima unamwita Spika. Mimi dada yake kazi yangu ni mlangoni, kuzuia wanaotaka kupenya na kuwaamsha wanaokoroma.

Sasa niwape siri ambayo miaka yote hiyo tuliijua sisi wawili tu. Spika lugha ile haijui. Hajui hata neno la kuombea maji. Anachofanya ni kuitazama filamu asubuhi ukumbi ukiwa mtupu, anaangalia nani kakunja uso, nani analia, nani kaficha kitu mfukoni. Alasiri anawatilia maneno yake mwenyewe, na watu wanatoka wanapangusa macho.

Filamu alizozisema hazina idadi, lakini iliyompa jina ni ile ya Dereva, yenye sehemu tisa. Ya kwanza ukiitazama leo utaionea huruma. Kuna mwanamume mmoja na lori moja la mbao. Lori linaibwa, naye analitafuta kwa miguu filamu nzima, na ukuta wenye tangazo la rangi unapita nyuma yake mara tatu, utadhani mji wote ule una ukuta mmoja. Risasi nilizihesabu, zilikuwa nne. Sehemu ya pili malori yakawa mawili. Ya tatu wakamwongezea treni. Ya tano akaruka kutoka helikopta hii hadi ile na kofia haikumtoka. Ya sita akapigana chini ya bahari. Ya nane, wajukuu zangu, alikuwa mwezini anaendesha lori, wala hakufunga mkanda.

Hilo la mwezi ndilo lililoninyima raha. Mtu ametoka nyumbani kutafuta mbao zake, anafikaje mwezini? Nilimuuliza Spika, akasema njia ilikuwa ndefu. Nikajua naye hajui.

Na kuna jambo lingine. Katikati ya sehemu ya kwanza diski ina mkwaruzo. Dereva anapokea simu, anasikiliza, picha inaganda, halafu inaruka, na ikirudi yuko barabarani anakimbia, uso umemwiva. Nani alipiga? Alimwambia nini? Spika ilibidi aseme kitu, na wiki ile ndiyo tuliyomzika mama yetu. Akaleta kipaza sauti mdomoni, akasema taratibu, "Mama amefariki, na mimi sikuwepo." Fundi wa kuchomelea mageti, mtu mwenye mikono kama koleo, alilia mpaka nikamwazima kitambaa changu. Tangu siku hiyo kila ngumi ya Dereva ilikuwa ya mama yake. Hata kule mwezini alimtaja.

Basi mwaka jana mwanawe Spika akaoa. Na alioa nani, kama si mwalimu wa lugha ile ile ya kwenye filamu. Siku ya kuposa kijana alijigamba kwa wakwe kwamba baba yake ni mfasiri, anaitafsiri papo kwa papo bila kamusi, na baba wa binti akajibu kwamba katika nyumba ya msomi namna hiyo binti yake hatapotea. Spika alikuwa anakunywa maji, yakampalia.

Mkwe mwenyewe, huyo binti mwalimu, hana makuu. Anamwita Spika Baba, mimi ananiita Shangazi, na akikuhudumia maji huona haya kukupa mgongo. Lakini kila wiki aliomba kwenda ukumbini kumsikia Baba akifasiri. Miezi minane Spika alimpiga chenga. Mara mabenchi yana misumari, mara tumepuliza dawa ya kunguni, mara kuna harufu ya rangi. Aliniambia faraghani kwamba anaweza kuvumilia mtaa mzima umcheke, ila si yule binti, ambaye alikuja kwetu kwa kuuamini uongo wake.

Mimi nami udadisi ulikuwa umenifika shingoni. Nikazitia diski nane kwenye kikapu, nikafunika kwa nguo za kufua, nikaenda chumbani kwa mkwe. Nikamdanganya kwamba masikio yamechoka, na kwamba ukumbini kelele ni nyingi, basi anieleze tu wanachosema, neno kwa neno. Tulitazama mchana mmoja mmoja, kila siku sehemu moja, yeye akipepeta mchele.

Pale pa simu pakaruka kama kawaida, kwa hiyo la simu sijalijua mpaka leo. Lakini sehemu ya nne ilinishangaza. Humo ndimo Dereva anapobadilika. Anaingia mwanamume mwingine kabisa, mrefu zaidi, ana vishimo mashavuni, na watu wote wanamwita Dereva. Spika alikuwa ametueleza vizuri kwamba aliungua kiwandani, na daktari mmoja mwanamke, aliyempenda kimyakimya, akamshonea uso mpya, na mguu uliovunjika ukaunganishwa vibaya, ukazidi urefu. Nikamuuliza mkwe hao wenyewe wamesema nini.

"Hawajasema chochote, Shangazi."

Nikamwambia asikilize vizuri. Akarudisha nyuma, akasikiliza.

"Hakuna. Wamembadilisha tu."

Kama balbu. Niliwakasirikia watu wale. Yule adui wa sehemu ya pili, anayekuja kuwa rafiki sehemu ya saba, Spika alimtafutia sababu tatu, na moja ina mtoto mgonjwa ndani yake. Wao wanapeana mikono na kupanda gari, yamekwisha. Nikauliza, na mwezini je, walifikaje? Mkwe akafikiri, kisha akasema anaona kila safari walitaka tu kuipita iliyotangulia. Kadiri moto ulivyozidi, maneno yalipungua. Sehemu ya kwanza Dereva anaongea na kila mtu, hadi na fundi wa matairi. Ya nane amesema maneno kumi na moja, na matatu ni "shikilia".

Hapo nikaropoka. Nikasema mbona kwetu mwezini anahutubia robo saa. Mkwe aliacha kupepeta, akanitazama kitambo. Akarudisha diski kwenye kikapu, akaifunika kwa nguo.

Sehemu ya tisa ikaja, ya mwisho. Mlangoni tukabandika tangazo kwamba ni Jumamosi, saa tisa alasiri, na kijana wetu kwa mapenzi yake akamwekea mkewe nafasi benchi la mbele bila kumuuliza baba yake. Asubuhi ile Spika alijifungia kuitazama kama kawaida. Alipotoka midomo ilikuwa imekauka.

"Dada, mama yupo."

Nikamwambia aketi kivulini. Akasema si mama yetu, ni mama yake Dereva. Dereva anarudi nyumbani mwisho wa filamu, anabisha hodi, na mama mtu mzima anafungua. Nikasema tumfanye shangazi. Akasema ukutani kuna picha kubwa amembeba Dereva mchanga. Nikasema tumfanye mzimu. Akanitazama kwa uchungu.

"Mzimu gani anashika mwiko?"

Saa tisa ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mkwe amekaa mbele, mikono mapajani, na nyuma yake fundi wa kuchomelea, na kile kitambaa changu ambacho hajanirudishia. Spika aliisema vizuri mpaka ule mlango ukafunguka. Mama akatokea, amejaa kioo kizima. Dereva akalia. Spika akanyamaza. Watu wakaanza kugeuka, kwanza mmoja, halafu benchi zima.

Akashusha kipaza sauti. Hakuwa na haja nacho, sauti yake ninyi mnaijua.

"Jamani, sehemu ya kwanza niliwaambia mama yake amefariki. Yule alikuwa mama yangu mimi. Wake mzima, ndiye huyo."

Fundi wa kuchomelea akauliza, kwa upole kabisa, kwamba kama ni hivyo, sehemu zote nane mama huyu alikuwa wapi. Spika akanitazama mimi kule mlangoni. Mimi nikaanza kumwamsha mtu wa benchi la nyuma, ambaye hakuwa amelala.

Mkwe akasimama. Akageukia mabenchi kama anavyogeukia darasa.

"Alikuwa safarini anamtafuta mwanawe. Wamelisema sehemu ya sita, kule chini ya bahari, ila kwa sauti ndogo sana. Mtu hawezi kumlaumu Baba."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Akasema yeye alihisi tangu siku ile.

Mkwe alipokaa, aliinama upande wa kiti cha mbao akanong'ona, nami masikio yangu mabovu yakasikia. "Baba, anamwambia amekonda." Spika akainua kipaza sauti. "Umekonda, mwanangu," akasema, na sauti haikuwa yake, ilikuwa ya mama yetu, vile alivyotupokea kizingitini, mikono ina unga. Nikaugeukia mlango, nikakagua kitasa.

Ila sehemu ya sita niliitazama na mkwe yule yule, mwanzo hadi mwisho. Kule chini ya bahari hakuna aliyesema neno. Wote walikuwa wameng'ata mipira ya kupumulia.